Aliyeiba Jiwe la Dereva

Jiwe lilikuwa na kimo cha mita mbili na uzito wa kilo mia saba, na halikuwepo.

Inspekta Alfiya Garipova wa polisi ya Yekaterinburg alisimama kando ya kaburi asubuhi ya Jumatatu, mikono mfukoni, akiutazama msingi mtupu wa saruji. Kesho yake ilikuwa Radonitsa, siku ambayo walio hai huwafuata wafu wao na mayai mekundu, keki za Pasaka na chupa, wale na kunywa na kucheka nao. Watu walikuwa tayari wanafagia na kupaka rangi vizingio. Hapa kwenye Njia ya Kulia, walikolala vijana wa genge la Sokoni tangu miaka ile ya risasi, mawe meusi yalikuwa yameoshwa yakang'aa. Kila jiwe lilichorwa mwanamume mzima kwa kimo chake halisi: koti la ngozi, mkufu shingoni, funguo za Mercedes mkononi. Katikati ya safu palikuwa na pengo.

"Nani amezikwa hapa?"

"Valery Mezentsev, afande. Dereva wa Bosi Turov, mkubwa wa genge lao." Aliyejibu ni Lytkin, mlinzi wa makaburi, mzee aliyependa kuzungumza kuliko kulinda. "Walilipuliwa pamoja garini, mwaka tisini na sita. Mazishi yale! Magari arobaini meusi, bendi mbili. Jeneza la dereva tu lilikuwa zuri kuliko kitanda changu cha ndoa."

"Ulimwona maiti?"

"Nani angemwona? Majeneza yalikuja yamefungwa. Bomu halibakizi sura."

Garipova alichutama. Boliti zilikuwa zimekatwa kwa msumeno, sawasawa kabisa. Alama za magurudumu ya lori zilifika mpaka kizingioni. Vumbi la saruji lilikuwa limefagiliwa na kurundikwa pembeni. Alikuwa ameona wezi wa kila aina katika miaka kumi na tisa ya kazi, ila mwizi anayefagia alikuwa hajamwona.

"Nani aliyelalamika?"

"Mimi."

"Na familia?"

"Ana mama yake tu, Bibi Taisia. Nilimpigia simu. Akaniambia, 'Limeibiwa? Basi, mapenzi ya Mungu,' akakata."

Garipova aliinua kichwa. Juu ya udongo palikuwa na maua matatu mekundu, hayajanyauka.

"Haya ya nani?"

"Yake. Huja kila Jumapili. Bibi mwema, lakini hesabu zimempita pembeni. Miaka kumi na minane analeta matatu, au matano, kama vile anakwenda arusini! Mimi huondoa moja nikalitupa, kwa heshima ya marehemu."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia mara moja. Alinitazama jicho hilo, sikurudia."

Katika nchi hiyo hata mtoto mdogo anajua: aliye hai hupewa maua witiri, matatu au matano; maiti hupewa shufwa, mawili au manne. Ukikosea, mwenye duka la maua mwenyewe atakusahihisha. Garipova aliyapiga picha yale maua kutoka pande zote kama kielelezo cha mauaji, kisha akainama kusoma maandishi madogo chini kabisa kwenye msingi. *D. Kosulin, fundi.*

Karakana ya Demyan Kosulin ilikuwa mita mia mbili kutoka langoni. Fundi mwenyewe, mgane mwenye masharubu meupe kwa vumbi, alikuwa anakunywa chai. Mbele yake palikuwa na chupa ya matango ya achari na mkate.

"Karibu chai, afande."

"Asante." Garipova aliketi. "Una lori la winchi?"

"Ninalo."

"Usiku wa kuamkia leo lilikuwa wapi?"

"Linapumzika. Limezeeka, kama mimi."

"Nani analiendesha?"

"Mimi."

"Msumeno wa kukatia chuma?"

"Fundi gani hana?"

Garipova alisogeza kikombe. Meza ilikuwa ya jiwe jeusi, nene, ndefu mno kwa mtu anayekula peke yake. Aliingiza mkono chini yake, taratibu, akipapasa.

"Fundi, meza yako ina pua."

Kosulin aliacha kutafuna. "Hiyo ni kasoro ya jiwe."

"Na hapa kuna kasoro ya sikio. Na hii, ngoja kidogo, ni kasoro ya funguo za Mercedes."

Mzee akasukuma sahani kando. "Nilimchora kwa miezi mitatu," alisema kwa uchungu wa kweli. "Kazi yangu bora katika maisha. Unadhani ningeiuza? Unadhani ningeivunja? Nimeilaza kifudifudi tu, juu ya mablanketi."

"Kwa amri ya nani?"

"Hilo hata unifunge sisemi."

"Na haya matango nani amekutengenezea, Bibi Taisia?"

Masikio ya Kosulin yakawa mekundu. Hapo Garipova alijua mambo mawili: nani alilitaka jiwe liondoke, na kwamba fundi huyu angemng'olea mwanamke huyo hata kanisa zima kama angeomba.

Kabla ya kuwasha gari alipiga simu idarani aletewe rekodi ya Taisia Mezentseva. Alisikiliza, akacheka peke yake. Bibi huyo ambaye hesabu zilimpita pembeni alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka thelathini na minne.

Mlango ulifunguliwa na bibi mwembamba, mnyoofu, unga hadi viwikoni. Nyumba nzima ilinukia hamira. Mikate midogo ya kabichi ilijaa mezani, dirishani, mpaka juu ya televisheni.

"Unaishi na nani, Bibi Taisia?"

"Peke yangu."

"Mikate hii inafika sitini."

"Sitini na mitatu. Ninapenda kula."

"Tatu ni shufwa au witiri?"

Bibi alifuta mikono kwa aproni, polepole. "Unanipa mtihani, binti?"

"Mmoja tu."

"Witiri."

"Na marehemu hupelekewa nini?"

Bibi Taisia akatafuta kiti nyuma yake, akakaa. Alipozungumza sauti haikutetemeka.

"Nisingeweza. Kumpelekea mawili mtu aliye hai ni kumwombea kifo. Nilidanganya kwa mavazi, nikadanganya kwa machozi, nikadanganya kwa padri. Kwa hesabu sikuweza."

"Yuko hai."

"Yuko hai. Siku ile Turov alisimamisha gari akamwambia, 'Valera, ninunulie mikate ya kabichi.' Mwanangu akashuka. Yuko kwenye foleni, akasikia mlipuko. Hakurudi hata kuchukua kofia. Alinipigia simu siku ya tatu baada ya maziko yake, nikazimia."

"Basi kaburini yumo nani?"

"Turov." Bibi alishusha sauti. "Nusu huku, nusu kule. Walikusanya walichokipata, wakagawa sawasawa."

Garipova aliuma midomo. Alijitahidi, Mungu shahidi, ila kicheko kilimshinda, kikamtoka chote. Bibi alimtazama kwa ukali wa kimwalimu, halafu na yeye mabega yakaanza kutikisika.

"Na jiwe?"

"Kosulin alimchora vizuri mno. Hata kovu la kwenye nyusi. Ni heri angekuwa fundi mbaya!" Kicheko kilikatika. "Afande, mimi nina miaka themanini. Valera yuko kwenye kituo cha treni cha Perm sasa hivi, na mke wake, na mjukuu wangu wa miaka kumi ambaye sijapata hata kumshika mkono. Anangoja simu yangu: aje au arudi. Kesho mji mzima utapita mbele ya lile jiwe. Keshokutwa wakutane naye barabarani? Nikasema, kwanza sura iondoke."

"Unawaogopa polisi?"

"Polisi!" alisema Bibi Taisia kwa dharau isiyo na adabu hata kidogo. "Ninawaogopa wale wa genge la Gereji. Waliapa hawatamwacha hai mtu yeyote wa Turov, hata paka wake. Akina Msumari. Akina Chuprov."

"Unajua wako wapi siku hizi?"

"Nimuulize nani? Wangejiuliza ninauliza kwa nini."

Garipova alisimama, akachukua koti la bibi msumarini.

"Vaa. Na simu yako uichukue."

Makaburini, kwenye njia panda, Bibi Taisia alikataa kwenda mbele.

"Hiyo ni Njia ya Kushoto. Ya Gereji. Sisi wa Kulia hatukanyagi huko. Tuliambiwa tangu siku ya mazishi, hata kutupa jicho ni mwiko. Miaka yote hii sijakanyaga."

"Leo unakanyaga na serikali."

Alimshika mkono. Wakapita kwenye misonobari, na upande wa pili kulikuwa na mawe meusi vilevile, makoti yaleyale, mikufu ileile. Garipova alisimama mbele ya jiwe la kwanza, lililochorwa wanaume wawili wamekumbatiana.

"Soma, Mwalimu."

Bibi alivaa miwani. "Chuprov, Igor. Chuprov, Oleg. Tisini na nane." Akaisoma tena tarehe. "Wote wawili?"

"Waliuawa pamoja, kwenye sauna moja. Twende."

"Sedykh. Tisini na tisa... Huyu ndiye aliyetega bomu!"

"Twende."

"Elfu mbili na moja. Elfu mbili na moja. Elfu mbili na mbili." Sasa hakuhitaji kushikwa mkono. Alikwenda mbele kwa hatua za haraka, akihesabu kwa kidole kama anasahihisha madaftari. Mwisho wa safu lilisimama jiwe kubwa kuliko yote: mtu mnene mwenye simu tatu.

"Msumari," alinong'ona.

"Mwaka juzi. Aliponea risasi nne, akaja kuuawa na mwiba wa samaki kwenye sherehe yake ya kuzaliwa. Alikuwa wa mwisho, Bibi. Nina orodha nzima ofisini, na mimi ndiye niliyeifunga."

Bibi Taisia aligeuka akaitazama safu yote, mwanzo hadi mwisho.

"Na ninyi? Mtamfunga?"

"Kwa kosa gani? Hakujizika, alizikwa. Ataenda mahakamani afutiwe kifo chake, stempu tatu na foleni. Na mtu haibi jiwe la kaburi la mwanawe. Kosulin aendelee kunywa chai." Garipova alitazama saa. "Treni ya Perm inaondoka baada ya dakika arobaini."

Vidole vya bibi vilikosea namba mara mbili. Mara ya tatu simu iliita, ikapokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Mama? Tuje au turudi?"

"Njooni!"

"Mama, subiri. Mbona unalia? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Wote!" alipaza sauti Bibi Taisia, na wajane wa Gereji waliokuwa wanaosha mawe wakainua vichwa mmoja baada ya mwingine. "Wote, mwanangu! Wamekufa wote, Mungu awarehemu! Pandeni treni!"