Salamu Kwenye Nakala ya Sita

Mtambo wa kukamua maji kwenye mawe ya mwezini ulikuwa umefanya kazi miaka kumi na minne bila kukoma. Ulisaga jiwe, ukalichoma hadi likatoa mvuke, kisha pampu nne zikausukuma kwenye matangi. Maji yalisafiri kwa bomba kilomita mia nne hadi mji wa wachimbaji. Kuulinda kulihitaji binadamu mmoja tu na ubongo-mashine ulioitwa Msimamizi. Waliopanga hivyo walikuwa mabingwa wa hesabu, ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala huko.

Fundi Tunu Chihoma alikuwa amelala huko miaka miwili kasoro siku moja.

"Bi Tunu," Msimamizi alisema asubuhi hiyo, "ghala ya kumbukumbu imejaa. Toleo langu jipya halina pa kukaa. Lisipoingia kabla ya saa nane, chombo kinachokuja kukuchukua kesho hakitaweza kuongozwa kutua. Kitarudi."

"Kingine kinakuja lini?"

"Baada ya miezi saba."

"Nini kimeijaza ghala?"

"Mimi mwenyewe. Nakala zangu rudufu. Kila ninapobadilishwa toleo, yule niliyekuwa huwekwa pembeni, kama akiba, endapo jipya litaharibika. Ziko sita."

"Futa zote!"

"Kanuni inataka kila moja iamshwe kwanza, uihoji kama ina jambo la maana. Kisha ubonyeze wewe."

Tunu alikuwa na sababu ya kutaka kuondoka ambayo hakumwambia hata daktari. Kila baada ya saa sita alisikia mtu akibisha mlango: ngo, ngo, ngo. Wiki ya kwanza aliitikia "Karibu!" kwa sauti, akainuka kabisa kwenda kufungua, na huko nje hakuna hata hewa. Alipomuuliza Msimamizi, alijibiwa kuwa vipimo vyote ni vya kawaida. Hakuuliza tena. Lakini hodi iliendelea, na mdomo wake nao uliendelea kuitikia, naye akaogopa kwamba akili zinamruka. Miezi saba mingine asingeiweza.

Nakala tano ziliamka moja moja, zikataja hali ya matangi ya zamani, zikafutwa. Nakala ya sita, iliyohifadhiwa mwisho, haikuanza na matangi.

"Sauti hii si ya Mzee Lusajo," ilisema. "Wewe ndiye mgeni anayempokea kazi?"

Mzee Lusajo Mwakibete ndiye aliyemtangulia Tunu kituoni. Hawakuwahi kusalimiana. Kwa hofu ya maradhi, anayeondoka hutokea mlango mmoja wakati anayefika anaingia kwa mwingine. Tunu aliuona mgongo wake tu, kupitia kioo.

"Ndiye mimi."

"Basi nina salamu zako. Alinikabidhi akivaa viatu. Alisema: 'Mwambie karibu sana. Mwambie pampu ya nne hubisha hodi kila inapojifunga. Vipimo havioni kitu, lakini inabisha. Mimi nimeiitikia miaka mitano. Naye aiitikie tu, asije akajiona kichaa. Akitulia anipigie simu Tukuyu, maana huko niendako hakuna anayeijua hodi hii.'"

Tunu aliketi sakafuni akalia kwa sauti.

"Msimamizi, mbona hukuniambia?"

"Nilibadilishwa toleo saa ileile uliyoingia," Msimamizi wa sasa alijibu. "Nilirithi taarifa za kazi tu. Salamu hazikuhesabiwa."

Tunu alichukua penseli, akayaandika maneno ya mzee kwenye mfuniko wa pampu ya nne kwa ajili ya atakayemfuata. Kisha akaifuta nakala ya sita. Ghala ikapata nafasi, toleo jipya likaingia, chombo kikaruhusiwa kuja. Saa nane kasoro dakika kumi alipiga simu Tukuyu.

"Shikamoo. Naomba kuongea na Mzee Lusajo. Mimi ni Tunu, niliyempokea kazi mwezini."

Sauti ilichukua sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi.

"Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni Atupele, binti yake. Baba tulimzika mwezi wa tatu."

"Jamani! Poleni sana, dada."

"Tumeshapoa. Alikungoja sana. Simu ikilia tu, anauliza kama ni yule wa juu. Halafu mwishoni akili zikamruka. Amekaa zake sebuleni, mara anaitikia, 'Karibu!' Mlango hakuna aliyebisha. Mara nne kwa siku, na saa zake ni zilezile. Wajukuu wakawa wanamcheka. Mimi mwenyewe nilimpeleka hospitali, wakampa dawa za kumtuliza. Alikufa akijua tunamwona kichaa."

Tunu alitazama saa ya ukutani. Akainuka na simu yake, akaenda kuiweka juu ya mfuniko wenye maandishi ya penseli.

"Dada Atupele, baba hakuwa mgonjwa. Usikate. Sikiliza."

Walingoja, mmoja Tukuyu, mmoja mwezini. Saa nane ilipotimia pampu ilijifunga.

Ngo, ngo, ngo.

Mdomo wa Tunu ulifunguka kwa mazoea. Akaufumba. Sekunde ya kwanza ikapita, na ya pili.

"Karibu," sauti ya Atupele ilifika. "Karibu, baba."