Popo na Uvimbe wa Utosini

Kila asubuhi, kabla ya kengele, mama wa usafi alipiga deki korido ya madarasa, kisha akaweka ndoo yake katikati ya njia ili mtu asipite sakafu ikiwa na maji. Wanafunzi walimwita Mama Ndoo. Saa hiyo hiyo, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa uwanjani akining'inia kwa magoti kwenye mwamba wa goli, kichwa chini miguu juu. Walimu walishamkataza mpaka wakachoka.

Siku hiyo magoti yalimponyoka, akaanguka na kuona nyota mchana kweupe. Mwalimu mkuu alipomuuliza, uongo ulimtoka hata hajaufikiria. "Niliteleza koridoni, mwalimu. Kulikuwa na maji."

Basi Mama Ndoo akaambiwa arudishe funguo za stoo aende nyumbani. "Lakini ndoo niliiweka, mwalimu!" alisema. "Siku zote naiweka!" Mwalimu mkuu hakutaka kusikia.

Hospitalini, msichana alikaa kando ya mama yake, kichwa kinamgonga na hasira zimemjaa. Uongo huo haukushiba. Kila swali lilidai uongo mwingine.

"Uliangukia wapi?" daktari aliuliza.

"Nyuma. Chali."

Daktari akapapasa kisogo chake. "Anayeteleza, miguu humtangulia. Hufikia makalio, halafu kisogo. Mbona kisogo chako kizima, na uvimbe uko utosini? Na mchanga huu mkavu kwenye nywele umetoka kwenye sakafu yenye maji?"

"Si nimeshasema niliteleza! Mbona hamniamini?"

"Wewe!" mama yake alimkaripia. "Unaongea na nani hivyo?"

Mara rafiki yake, aliyemletea begi, akachungulia mlangoni. "Pole, Popo."

Daktari akainua macho. "Kwa nini wanakuita Popo?"

Msichana aliikodolea macho sakafu, akajichukia, kisha machozi yakamtoka na ukweli ukafuata nyuma yake: goli, magoti, yote.

Hapo daktari hakucheka. Alikishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Usigeuze shingo hata kidogo. Anayeanguka kwa utosi, uzito wa mwili wote huishukia shingo. Nami nilikuwa karibu kukuruhusu uende na dawa ya maumivu tu!"

Mama yake akajishika kifua. Msichana alilazwa hivyo hivyo, shingo imefungwa, hadi picha ya eksirei ilipoonyesha mifupa iko salama. Daktari akaonya kwamba akitapika au akisinzia ovyo, arudishwe haraka.

Aliporudi shuleni, Popo alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu akasema yote. Mwalimu mkuu alimwita Mama Ndoo, akampa funguo zake na kumwomba radhi. Popo naye akapiga magoti.

"Nisamehe, mama."

Mama Ndoo bado alikuwa na uchungu, na hakuuficha. "Umeniliza, mwanangu. Lakini uongo wako ulininyima kazi tu. Wewe, ungekunyima uhai. Njia ya mwongo ni fupi. Ukiumia, sema ulivyoumia, hata kama kosa ni lako."

Kisha akachukua dekio lake. "Haya, simama. Niwekee ndoo."

Popo aliibeba kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya njia, pale pale ilipokuwa siku zote.