Ngata Kwenye Televisheni

Mzee Leonidas anasema siku ya mkutano wa kampeni pale Kawajense, Mpanda, watu walijaa uwanja wa mpira hadi mbuzi wakakosa pa kupita. Anasema mgombea udiwani alipopanda jukwaani, msichana mmoja aliyejifunga kitambaa cha mgombea kichwani alizimia kwa furaha. Alianguka puu, kama gunia la mahindi. Ikabidi watu wammwagie ndoo nzima ya maji ndipo akafumbua macho, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwake lilikuwa jina la mgombea.

Mzee Leonidas hakufika uwanjani siku ile. Goti lilikuwa linamsumbua. Alikuwa barazani kwake, mbele ya televisheni iliyounganishwa na kebo, akiangalia habari za stesheni ya Upeo. Televisheni ilimwonyesha msichana akikaa chini, mtangazaji akasema amezimia kwa furaha, basi. Habari ya ndoo ya maji na ya neno la kwanza aliziongeza yeye mwenyewe, moja leo, nyingine kesho, kila alipopita kunywa uji kwa Mama Specioza.

Mama Specioza alikuwa akiuza uji na vitumbua kwenye kona ya mafundi pikipiki. Asubuhi moja alimsikiliza mzee huku akigeuza vitumbua vyake.

"Ndoo nzima ya maji?" aliuliza bila kuinua macho. "Waliyatoa wapi, Mzee? Hapa hapa Kawajense?"

Wateja walicheka. Mzee Leonidas hakucheka.

"Usinifanye mtoto, Mama Specioza. Msichana mwenyewe si huyu hapa?"

Akamnyooshea Specioza kijiti chake cha meno. Specioza, binti wa mwenye uji, aliyekuwa akisuuza vikombe kwa maji kidogo sana, aliinama zaidi. Alikuwa darasa la sita, na alikuwa amechoka tangu kabla jua halijachomoza.

Uchovu huo haukuwa wa siku moja. Pampu ya mtaa wao ilikufa tangu mvua zilipokatika, na tangu hapo watu wote walichota kwenye kisima cha ng'ambo ya uwanja wa mpira. Foleni ya kisima hicho ilikuwa ndefu. Watu walipanga madumu yao moja nyuma ya jingine, wakakaa pembeni kusubiri. Kila alfajiri Specioza alikwenda na dumu lake, akarudi, akamsaidia mama kupeleka vitu kwenye kona, ndipo akakimbia shule. Jioni alikwenda kisimani tena. Shingo yake ilikuwa imeanza kukakamaa kama ya mwanamke mzima.

Siku ya mkutano mambo yalikuwa hivi. Foleni ya madumu ilikuwa imefika hadi uwanjani. Magari ya kampeni yalipokuja na maspika yake, watu wa mkutano na watu wa maji wakachanganyika, hakuna aliyejua nani ni wa nani. Dada mmoja alipita akigawa vitambaa vya rangi ya chungwa vyenye picha ya mgombea. Specioza alipokea kimoja, kwa sababu ngata yake ya zamani ilikuwa imechakaa na dumu lilikuwa likimuumiza utosi. Alikisokota kitambaa, akakizungusha, akakiweka kichwani tayari. Zamu yake ilipofika alijaza dumu, Faudhia rafiki yake akamtwika, wakaanza kurudi wakikatisha kati ya watu. Mbele ya jukwaa miguu ikaishiwa nguvu. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Akamwomba Faudhia amtue dumu, naye akakaa chini kwenye vumbi, akafumba macho kidogo. Ilikuwa ni hivyo tu. Alipofumbua macho alimwona kijana mwenye kamera.

Specioza alijaribu kuwaeleza watu. Lakini watu wengi walikuwa wameshamwona kwenye televisheni, na mtu akishakuona kwenye televisheni hana haja ya kukusikiliza.

Mambo yalizidi kuharibika pale stesheni ya pili, iliyoitwa Kitovu, ilipoipata picha hiyo hiyo. Kitovu ilimpenda mgombea mwingine. Mtangazaji wake alikunja uso akasema watoto wa Mpanda wanaburutwa juani kwenye mikutano, na mmoja wao amezimia kwa kiu na mateso. Picha ilikuwa ile ile, Specioza yule yule, na kitambaa kile kile.

Fundi Enoka, aliyekuwa mteja wa kila siku, aliiangalia Kitovu. Kesho yake alipita kwenye kona bila kusalimia, akaenda kununua vitumbua kwa muuzaji wa upande wa pili wa barabara. Mafundi wenzake wakamfuata.

"Enoka, mwanangu, kuna nini?" Mama Specioza alimwita.

"Mama gani anamtoa mtoto wake juani kwa ajili ya kitambaa?" Enoka alijibu akiwa mbali. "Kuleni na mgombea wenu!"

Waliobaki kununua ni wale wa Upeo, na hao nao walisumbua. Walimtaka Specioza aimbe nyimbo za kampeni ndipo wanywe uji. Shuleni hali ilikuwa hiyo hiyo. "Mheshimiwa!" wavulana walimwita wakati wa mapumziko. "Hebu zimia kidogo tuone!" Faudhia aliwatupia kokoto, lakini kokoto hazikusaidia.

Jioni vitumbua vingi vilirudi nyumbani. Mama akaviweka mezani.

"Vitumbua tena?" Specioza aliuliza.

"Vitumbua tena," mama alijibu, akavua viatu, akakaa akisugua nyayo zake. "Wiki ijayo nikirudi navyo hivi, mwanangu, sitakuwa na mchele wa kutengeneza vingine. Sijui tutashika wapi."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Kijana mwenye kamera alifika kwenye kona akiendesha pikipiki. Jina lake lilikuwa Yunus, wa Upeo. Alivua kofia ngumu, akaamkia vizuri, akanunua vitumbua. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Mdogo wangu," alimwambia Specioza, "ile habari yako imependwa kuliko habari zetu zote. Simu zililia ofisini mpaka bosi akawa anacheka peke yake. Anataka nikurekodi tena, uwaambie watazamaji ulivyojisikia."

"Lakini mimi sikuzimia, kaka."

"Najua," Yunus alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuona ulivyoinuka."

"Sasa kwa nini mlisema nimezimia?"

Yunus alitafuna kwanza. "Mimi napeleka picha. Maneno yanawekwa ofisini. Bosi anamtaka yule mgombea, na wanaotuangalia wanamtaka yeye pia. Ukiwapa wanachokipenda, wanapiga simu. Wakipiga simu nyingi, wenye maduka wanaleta matangazo yao kwetu. Kitovu nao ni hivyo hivyo, wana mgombea wao na watu wao."

"Na pampu?" Mama Specioza aliuliza. "Mbona hamuitangazi?"

"Tuliitangaza, mama, ilipokufa tu. Hata simu moja haikuita. Watu walihamia Kitovu kuangalia wagombea wanavyotukanana."

Mama alitikisa kichwa, akaongeza mkaa jikoni. Yunus akamsogelea Specioza.

"Sikiliza. Sema tu ulizimia kwa furaha, huna haja ya kuanguka tena. Bosi akifurahi, nitamwomba aongee na mgombea. Pampu yenu inaweza kutengenezwa mapema tu."

Specioza aligeuka akaliangalia dumu lao lililokuwa pembeni. Aliwaza mtaa wao ukiwa na maji. Aliwaza kulala mpaka jua litoke. Faudhia, aliyekuwa amekuja kumsaidia kubeba maji, alimgusa kiwiko. "Kubali bwana," alinong'ona. "Ni neno moja tu, halafu tunapumzika wote."

Specioza alimtazama mama yake. Mama naye alimtazama, uso umejaa masizi na usingizi.

"Usinitazame mimi," mama alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa pale. Sema ulichokiona."

Watu walianza kukusanyika, maana kamera haikosi watu. Mzee Leonidas alikuja akichechemea, amevaa shati la Jumapili. Hata Enoka na mafundi wake walivuka barabara, wakasimama kwa mbali wamefunga mikono. Yunus akawasha kamera.

"Tuambie, Specioza. Siku ile ulijisikiaje?"

"Nilichoka," Specioza alisema.

"Ulichoka kwa furaha?"

"Hapana. Nilichoka kwa maji."

Akatoka mbele ya kamera, akaenda kwenye dumu lao, akachukua kitambaa kilichokuwa juu yake. Rangi ya chungwa ilikuwa imepauka, na uso wa mgombea ulikuwa umejaa tope. Akakisokota mbele ya watu wote, akakizungusha, akakiweka utosini. Kisha akamwita Faudhia, wakashika dumu pande mbili, likapanda kichwani.

"Nilikuwa hivi," alisema akiwa amesimama na dumu. "Nilikuwa natoka kisimani. Hiki nilikipokea kiwe ngata, kwa sababu ngata yangu ilikuwa imeisha. Sikwenda kwenye mkutano, na wala mama hakunipeleka. Njaa ilinishika nikakaa chini. Dumu lilikuwa hapa pembeni, ila kwenye televisheni halikuonekana."

Hapakuwa na mtu pale asiyeijua ngata. Mama zao walisokota ngata, na wake zao walisokota ngata asubuhi hiyo hiyo.

"Ngata!" Enoka alisema mwishowe, akashika kichwa. "Jamani, nimeiona ile picha zaidi ya mara kumi. Ni ngata!"

"Na ile ndoo aliyomwagiwa?" mtu mmoja aliuliza.

"Ile alimwaga Mzee Leonidas," Mama Specioza alisema, na safari hii hata mzee mwenyewe alicheka, akajikuna shingo kwa aibu.

Specioza alikuwa bado amesimama na dumu kichwani. "Kaka Yunus," alisema, "tunaomba mseme pampu yetu imekufa. Na mrushe nilivyosema, hivyo hivyo."

Yunus alizima kamera taratibu. Hakukubali wala hakukataa. Alivaa kofia yake ngumu, akasema atapeleka picha ofisini, akaondoka na vumbi.

Vitumbua viliisha mapema siku hiyo. Enoka alinunua vya mafundi wote, akala kimoja akiwa amesimama, kisha akasema, "Mama Specioza, nisamehe. Nilimwamini mtu wa kwenye kioo nikakuacha wewe ninayekuona kila siku." Mama alimwongezea uji. Mzee Leonidas naye aliahidi kuzunguka nyumba zote alizopeleka habari yake, ingawa goti lilikuwa linauma, akawaambie ilivyokuwa kweli.

Jioni, wakiwa njiani kwenda kwa Mzee Leonidas kuangalia habari, Specioza alitembea polepole nyuma ya mama yake.

"Mama, labda nimewanyima watu maji."

Mama alisimama kumsubiri. "Mimi nimechoka kubeba maji kuliko wewe," alisema. "Neno lile lilikuwa jepesi, hata mimi nilitamani ulitamke. Lakini ungedanganya leo kwamba ulizimia, kesho ukisema pampu imekufa nani angekuamini? Halafu angalia kitu kimoja. Picha yao ilikuwa ya kweli. Wewe ulikuwepo, kitambaa kilikuwepo, ulikaa chini. Uongo uliingia walipoliacha dumu nje na kuweka maneno yao. Kwa hiyo ukisikia habari inayokufurahisha sana, au inayokukasirisha sana, usikimbilie kuipeleka kwa jirani. Jiulize kwanza kimeachwa nini nje. Na wewe ukiulizwa ulichokiona, kiseme chote, pamoja na dumu lake."

Barazani kwa Mzee Leonidas walikaa wengi, wa Upeo na wa Kitovu, kwenye mikeka na vigoda. Habari zilianza. Walionyeshwa mkutano wa Kabungu, mgombea akipunga mkono. Walionyeshwa mkutano mwingine, na mgombea yule yule akipunga mkono. Kisha tangazo la mabati, kisha hali ya hewa. Specioza hakuonekana, wala dumu lake, wala pampu.

"Hawakurusha," Faudhia alisema.

Hakuna aliyeshangaa. Watu walianza kujinyoosha waondoke. Ndipo Mzee Leonidas alipoinua mkono.

"Ngojeni. Mama Specioza, si umetuambia yule kijana alisema wanahesabu simu? Ya pampu hatukupiga hata mmoja wetu. Mimi nilipiga mara tatu kuomba warudie mtoto kuzimia." Akaisogeza simu karibu na macho, akabonyeza namba iliyokuwa ikipita chini ya kioo. Enoka akatoa simu yake, na wengine wakatoa zao. Mama Specioza alishika mkono wa binti yake.

Simu ya mzee iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa.

"Haloo, Upeo? Mimi ni Leonidas wa Kawajense. Tunaomba mtuonyeshe mtoto wa ngata. Yule wa leo, anayesema habari ya pampu. Tuko wengi hapa, tunasubiri."

Watu wote walisogea kusikiliza. Kwenye simu ilisikika tu sauti ya mtangazaji akimalizia hali ya hewa, sauti ile ile iliyokuwa ikitoka kwenye televisheni ya barazani, ila ikichelewa kidogo.

"Haloo?" Mzee Leonidas alisema. "Tunaomba tu habari ya pampu. Mnanisikia?"