Josias Afumua Magauni ya Ayano

Jumapili hiyo soko la Gare du Midi, mjini Brussels, lilifurika, na mikono miwili ikadaka kitambaa kimoja cha buluu iliyoiva.

"Achia, papa! Miye njo nilianza kukiona," alisema dada mwembamba wa Kijapani, koti jeusi likifika visigino, viatu vyekundu kama pilipili.

Josias, fundi cherehani wa Lubumbashi, amevaa suti ya rangi ya haradali, alishangaa. "Eh! Unasema Swahili? Nani alikufundisha?"

"Maman Marie-Jeanne. Anashona kwangu, karakana ya Etterbeek. Miye Ayano, ninachora nguo za wanamuke."

"Bon, kamata kitambaa. Donc, na miye unikamate!"

Ayano alicheka, na kweli akamkamata. Ndani ya miezi sita Josias alikuwa fundi wake, tena amekolea kwa mapenzi hadi aibu.

Ikafika siku ya onyesho. Miaka kumi Ayano alibuni nguo zilizouzwa kwa majina ya wengine. Leo magauni kumi na mawili yalikuwa na jina lake, na wanunuzi kutoka Tokyo walikuwa njiani. Wakitaka, ana kazi. Wasipotaka, karakana inafungwa.

"Nguo zimeisha," alimwambia Josias, akatangulia ukumbini.

Josias akatazama magauni. Zimeisha wapi, na nyuzi nyeupe za kushikizia bado zimejaa juu yake? Kwao hiyo ni aibu ya fundi. Amechoka, maskini! Kwa mapenzi yote akazifumua, akayapakia magauni kwenye gari la kuyapeleka ukumbini.

Simu ikalia. "Josias! Nyuzi yangu iko wapi?"

"Chérie, nilizitosha yote! Sasa ni propre, safi kabisa!"

"Propre? Ile nyuzi njo urembo, njo nguo yenyewe! Sasa ni robe, gauni ya kila muntu. Usinikaribie tena!"

Majuto ni mjukuu, ila ya Josias yalifika kabla ya ndoa. Alikamata sindano na nyuzi nyeupe, akakimbilia treni ya metro, akaingia ukumbini akitweta.

"Unifukuze kisha. Sasa unionyeshe: uzi unapita wapi?"

Ayano alimtazama kwa hasira. Kisha akasogea kumpa nafasi.

"Hapa. Mishono mirefu-mirefu. Na usinyooshe, alama ya mukono yako ionekane."

Walishona bega kwa bega, vidole vikivuja damu, hadi Hadassa, mwanamitindo wa mwisho, alipopita pazia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wanunuzi walikuwa wamesimama.

"Wanakuita! Enda, chérie!" alisema Josias, kisha akaibana sindano kwa midomo.

"Nitaenda. Kwanza unijibu: utanioa?"

Sindano ilimzuia Josias kusema. Alikubali kwa kichwa mara tatu, machozi yakimlenga, na Ayano akamvuta jukwaani hivyo hivyo.