Kejeli Chini ya Ngazi

Kila Jumamosi Wembe alifuatana na mama yake kazini. Wembe halikuwa jina lake la nyumbani. Wenzake darasani ndio waliompa kwa sababu ya ulimi wake. Mama alikuwa fundi rangi, na mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyepanda ngazi kupaka sehemu za juu. Wembe alichota maji, akaosha brashi na kusikiliza. Kusikiliza ndiko kulikompendeza zaidi, maana mama na mjomba walitaniana kutwa nzima bila kutumia neno chafu hata moja.

"Dada, kofia hiyo uliinunua, au ulimwonea huruma muuzaji?" mjomba aliuliza.

"Ni kofia, mdogo wangu, inatosha. Nawe hicho kitambi, kinatangulia kukutafutia njia?"

Walicheka wote wawili, kazi ikaendelea.

Siku hiyo walikuwa wakipaka jengo la ghorofa tatu. Waashi walikuwa wameketi kivulini wakinywa chai. Mjomba alijifunga kamba kiunoni, akakagua fundo, akalivuta, akalikagua tena. Wembe akaona zamu yake imefika.

"Mjomba, mbuzi hufungwa kamba asile mazao ya watu. Wewe umefungwa usile nini, rangi?"

Waashi waliangua kicheko, mmoja akamwagikiwa na chai. "Meee!" alilia mwingine. Wembe alivimba kichwa. Laiti angemtazama mjomba usoni, angeona kwamba safari hii hakucheka.

Baada ya chakula cha mchana, Wembe alirudi na ndoo ya maji, akainua macho. Mjomba alikuwa juu kabisa, karibu na paa, akinyoosha mkono kufikia kona. Kiunoni hakuwa na kamba. Ilikuwa chini, imekunjwa vizuri kando ya makopo.

Roho ilimruka. Alitaka kupiga kelele, akakumbuka onyo la mama: mtu aliye juu hashtuliwi. Aliitua ndoo, akaikamata ngazi kwa mikono miwili. Lakini mikono ilimtetemeka hata ngazi nayo ikaanza kutetemeka, akaiachia kwa hofu. Alitafuta neno, lolote lile, ila ulimi uliokuwa mwepesi asubuhi sasa ulikuwa mkavu. "Akianguka, ni mimi niliyemsukuma," alijiambia.

Alimkimbilia mama upande wa pili wa jengo. "Mama, mjomba hana kamba! Nilimtania mbele ya watu, akaifungua. Mama, ataanguka!"

Mama hakuuliza la pili. Walipofika tu, mguu wa mjomba uliteleza. Kopo la rangi lilianguka kwa kishindo na kumwagika. Mjomba aliikumbatia ngazi, amefumba macho. Hakuweza kupanda wala kushuka.

"Shika! Shuka! Usitazame chini!" waashi walipiga kelele, kila mmoja na lake. Mama aliwanyamazisha kwa mkono, akawaonyesha waishike ngazi. Kisha akasema kwa sauti ileile ya kila siku:

"Mdogo wangu, hiyo ngazi unayoikumbatia, wazazi wake wanajua?"

Wembe alijiuma kidole, machozi yakimlengalenga.

"Dada, acha mzaha," mjomba alijibu kwa sauti nyembamba.

"Sitaki aibu katika ukoo. Muage taratibu. Mguu wa kulia, kidato kimoja chini."

Mguu ukashuka.

"Kumbe! Nami nilidhani umeota mizizi. Haya, wa kushoto."

Mjomba alicheka kidogo, cheko la mtu anayetaka kulia, akashuka tena. Mama aliendelea kumtania hivyohivyo, kidato baada ya kidato, mpaka unyayo wake ukagusa ardhi. Mjomba aliketi palepale kwenye rangi iliyomwagika.

"Nisamehe, mjomba," Wembe alisema akipiga magoti. "Nilitaka wacheke tu."

"Na walicheka," mjomba alisema. "Hata nilipokuwa nakula, bado niliwasikia masikioni. Mtu mzima mimi, nikaionea aibu kamba inayoniweka hai."

Waashi waliinamisha vichwa. Yule aliyelia kama mbuzi alisogea akaomba radhi.

"Mama, sitamtania mtu tena," Wembe alisema.

Mama alimshika bega. "Sijakuambia uache, mwanangu. Si umesikia utani ndio uliomshusha? Lakini heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kabla hujawatazama wanaocheka, mtazame kwanza unayemtania. Kama yeye hacheki, umemuumiza. Mtanie mtu kwa miluzi yake au kukoroma kwake. Usimtanie kwa kitu kinachomlinda, kwa sababu siku moja atakusikiliza na kukiacha."

Wembe aliitikia kwa sauti ndogo. Akaileta ile ndoo ya maji, akaanza kuiosha rangi miguuni mwa mjomba.