Maji ya Birika la Dimani

Bwanaheri alikata roho hospitalini mkewe Mwajabu akiwa mahabusu Kibiti. Inspekta Gasper ndiye aliyemfungia, mgonjwa alipoanza kuweweseka na kaka yake, Kondo, kuapa kwamba amelishwa sumu.

Daktari Tereza aliipasua maiti.

"Tumboni hamna sumu. Ubongo ndio umeoza, hapa mbele, juu ya pua." Akamsogezea Gasper hadubini. "Hao ni amiba. Wanaishi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama. Ukiwanywa hawadhuru. Wakipanda puani, mara chache sana, hufika ubongoni."

"Dawa hakuna?"

"Ipo Dar es Salaam. Wengi hufa hata wakiipata, lakini ningejua mapema ningejaribu. Nilimuuliza Kondo kama mdogo wake aliogelea bwawani. Akakataa."

Gasper alirudi mahabusu, ambako Mwajabu alikuwa ameshapewa habari ya kifo.

"Mama, mumeo aliogelea wapi?"

"Bwanaheri? Hata kuogelea hajui."

"Maji yalimwingiaje puani?"

Mwajabu alimkazia macho. "Afande, si anatawadha? Kila sala anapandisha maji puani. Pampu ya msikiti imeibwa bomba, birika la kutawadhia linajazwa maji ya bwawa. Nilitaka kukwambia siku ile. Ukasema nijibu ninachoulizwa."

Gasper, Mkristo mzaliwa wa Moshi, alishika njia ya Dimani, kijijini kwao.

Pale msikitini, kilichobaki cha pampu kilikuwa kisiki cha bomba la buluu, kimekatwa kwa msumeno. Ng'ambo ya njia, mashine ya kusaga ya Kondo, fahari yake ya enzi hizi za ruksa ya biashara, ilikuwa ikinguruma. Bomba lake la moshi lilikuwa jeusi juu, buluu chini.

"Bomba hili umelitoa wapi?"

"Nimenunua Dar, afande."

"Dar ndiko wanakopaka rangi ya pampu yenu?"

Kondo akazima mashine. Wanawake waliopanga foleni na ndoo za mahindi wakasogea kusikiliza.

"La kwangu lilipasuka, na mavuno ndiyo hayo yameingia. Nikasema nitalirudisha."

"Daktari alikuuliza habari za maji."

"Aliuliza bwawa, nikajibu bwawa." Akaketi chini, kwenye pumba. "Ningetaja birika, wangeuliza pampu. Sumu ilikuwa rahisi kusema. Nilidhani atapona, afande. Mdogo wangu yule."

Gasper aliandika mashtaka: wizi wa bomba, na kuwadanganya polisi. Kwa kifo hakuwa na kifungu.

Jioni alimfungulia Mwajabu mlango.

"Mama, nenda nyumbani. Nisamehe."

"Wameshamzika?"

"Jana."

"Nani kamwosha?"

"Kondo."

Mwajabu akajifunga kanga yake taratibu.

"Kwa maji gani?"

Hilo nalo Gasper hakuwa ameuliza.