Kisahani cha Dalbuie

Jirani yangu Bi Effie Geddes aliingia ukumbi wa kanisa la Dalbuie na garimoshi kifuani, kalibeba kama mtoto wa kubatizwa. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua inanyesha. Yaani kwetu Uskoti, siku njema tu.

Garimoshi lenyewe lilikuwa na urefu wa mkate. Alikuwa amemaliza kuliunda juzi, skrubu kwa skrubu: mfano wa Ben Arrach, injini ya kijani aliyoiendesha baba yake, Lachlan, enzi za makaa. Kwenye kibanda cha dereva alimsimamisha baba mwenyewe, sanamu ya madini ya risasi, mdogo kama harage, mikono imebanwa mbavuni.

"Limependeza, Bi Effie," nikamwambia. "Ila mzee amekonda."

"Angekula mapishi yako, asingeisubiri ajali."

Wanachama wote wa klabu yetu ya reli ya mezani wakacheka, isipokuwa mwenyekiti wetu, Fergus Tulloch. Mchonga mawe ya makaburi hacheki ovyo.

Ajali hiyo kwetu kila mtu anaijua. Reli ya kupita handaki la mlimani ni moja, magarimoshi hutoka pande zote mbili. Kwa hiyo dereva haingii handakini mpaka stesheni masta amkabidhi kisahani cha shaba, kibali chake cha kupita. Kikitoka kimoja, kingine hakiruhusiwi kutoka. Siku ile ya theluji Lachlan aliingia, akakutana uso kwa uso na garimoshi la barua. Kisahani cha wenzake kilipatikana kwenye vyuma. Chake hakikupatikana. Stesheni masta, babu yake Fergus, aliapa hakumpa kitu.

Waliokufa wakachongwa majina kwenye jiwe la stesheni. Lachlan akaachwa, kama mkosaji. Bi Effie amelilia jina hilo tangu ana meno ya utoto.

"Niletee kisahani," Fergus humjibu kila mwaka, "nitalichonga mwenyewe, bure."

Hata kwa reli yetu ya mezani sheria ni hiyohiyo: huingii handakini bila kisahani. Chetu ni kifungo cha koti. Siku hiyo Fergus alikitia mfukoni.

"Mwacheni aingie bila," akasema. "Si ndiyo desturi ya ukoo?"

Bi Effie akabonyeza swichi.

Ben Arrach likazunguka meza, likapita stesheni, likaingia handakini. Handaki ni boksi la viatu lililopakwa rangi.

Halikutoka.

Tukasubiri. Nikatafuta mzaha. Sikuupata. Mimi!

Bi Effie akazima umeme. Mngurumo haukuzima. Ulikuwa ndani ya boksi, lakini mbali, mbali sana, kama ng'ambo ya mlima. Harufu ya makaa ikapanda. Chai yangu ikafanya utando. Nikaugusa. Barafu.

Bi Effie akainama kwenye mdomo wa handaki.

"Baba," akanong'ona. "Unacho?"

Honi ikajibu. Si honi ya mezani. Madirisha yalitetemeka.

Injini ikatoka taratibu, bila umeme, theluji juu ya paa. Dereva wa risasi alikuwa amenyoosha mkono nje. Kiganja wazi. Kama mtu aliyekwisha kukabidhi.

Fergus ndiye aliyelifunua boksi. Haraka mno. Akashika kitu, akapiga yowe, kikaanguka mezani: kisahani cha shaba, kipana kuliko mdomo wa handaki. Kimeandikwa DALBUIE.

"Babu," Fergus akanong'ona, akitazama kiganja chake. "Kumbe ulimpa."

Jumatatu alilichonga jina la Lachlan kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na bandeji. Chini ya bandeji, neno DALBUIE limeungua nyamani. Linasomeka mpaka leo.

Kisahani kiko jikoni kwa Bi Effie. Hakijapoa bado. Huweka birika juu yake, na chai haipoi asubuhi wala jioni.

"Pita unywe, mwanangu," huniita.

Nami, nisiyewahi kukataa cha bure, husema nina haraka. Maana mezani huwa na vikombe viwili. Bi Effie anaishi peke yake. Na kile cha pili, kila nikichungulia, kimenywewa nusu, na kishikio chake kina masizi.